Albamu Iliyoshindana na Mtoto

Jumamosi ile tumbo la dada yangu lilifika kwenye piano kabla ya mikono yake. Alivuta kiti mbele, tumbo likagonga ubao. Akakirudisha nyuma, vidole vikabaki hewani kama vya mtu anayepapasa swichi gizani. Akajaribu kukaa upande. Akajaribu kusimama. Mwishowe akakaa tena, akanigeukia mimi niliyekuwa nyuma ya dramu.

"Mdogo wangu, huyu mtoto hataki tumalize."

"Anataka," nikamwambia. "Anasogea karibu asikie vizuri."

Shemeji, mume wa Dada, akacheka huku amekumbatia gitaa lake la besi. Fundi Sauti hakucheka. Yeye alikuwa amekaa sakafuni kati ya nyaya zake, hedifoni masikioni, anatazama kalenda kwenye simu. Katika nyimbo kumi tulikuwa tumerekodi saba. Zilibaki tatu, na wikendi mbili tu za kuzirekodi.

Bendi yetu inaitwa Magego. Dada ni fundi wa meno ya bandia. Anakaa kwenye karakana ndogo nyuma ya kliniki ya meno, anachonga, anasugua, anang'arisha, na kuna watu wengi mjini wanaocheka kwa kazi ya mikono yake bila kumjua. Siku ya kwanza tulipokaa pamoja kama bendi, Shemeji alimwambia kuwa maisha yake yote ni meno: mchana anayachonga, jioni anayapiga kwenye piano.

"Basi tuitwe Magego," Dada akasema. "Hayaonekani kwenye picha, lakini ndiyo yanayotafuna."

Jina likaganda. Shemeji mwenyewe anatengeneza friji. Mimi ni mwokaji wa mikate, nakanda unga tangu alfajiri, na wanaonisikia nikipiga dramu husema hawaoni tofauti kubwa.

Tunapiga pop yenye roki ndani yake, na piano ndiyo inayoshika usukani. Bendi nyingi huiweka piano pembeni kama ua la plastiki, wakati gitaa linapata sifa zote. Kwetu ni kinyume: piano inatangulia, besi inaifuata nyuma, mimi nasukuma. Hatuna kampuni wala meneja, hatuna mtu wa kutuambia tuvae nini. Albamu ya kwanza tuliirekodi studioni kwa Fundi Sauti, kwa kinanda cha umeme kilichosikika kama simu ya mtu mwingine inayolia chumba cha pili. Dada aliapa kwamba ya pili ataipiga kwa piano yake mwenyewe, ya mbao na nyuzi.

Lakini piano yenyewe iko ghorofa ya tatu. Ilitoka kwenye shule iliyokuwa inasafisha stoo yake, ikapandishwa na wanaume sita waliopumzika kila kona ya ngazi, na mmoja wao alisema waziwazi kuwa hataishusha mpaka jengo lenyewe lishuke. Ikabidi studio ndiyo ipande. Kila wikendi, kuanzia saa nane mchana, muda tuliokubaliana na majirani, Fundi Sauti alikwea na maikrofoni zake. Sisi tulikuwa tumeshatundika mablanketi ukutani na kusimamisha godoro dirishani, ili sauti isirukeruke.

Kusubiri mpaka mtoto azaliwe hakukuwezekana. Fundi Sauti alikuwa amepata kazi ya mitambo kwenye meli ya abiria, mkataba wa miaka miwili, na alikuwa anaondoka Jumatatu baada ya wikendi ya pili. Tena Dada mwenyewe hakutaka kusubiri.

"Wimbo ukilala miezi sita," alisema, "unaamka na sura nyingine. Humjui, hakujui."

Tukiwa bado tunatafakari namna ya kulizunguka lile tumbo, mlango ukagongwa. Shemeji akafungua, na mama yake akaingia na masanduku mawili na mwavuli, akihema, lakini akihema kwa heshima, mdomo umefungwa.

"Mama! Si ulisema Jumamosi ijayo?"

"Watoto hawasomi kalenda," akajibu Mama Mkwe. Akatazama mablanketi ukutani, godoro dirishani, na Fundi Sauti aliyejikunyata kati ya nyaya kama kuku anayeatamia. "Na huyu je, ndiye mlinzi wa hii stoo?"

Mama Mkwe alikuwa mpiga taipu wa mahakama kwa miaka thelathini na moja. Ushahidi, hukumu, rufaa, vyote vilipita chini ya vidole vyake, na hakuna ukurasa wake hata mmoja uliowahi kurudishwa kwa kosa. Alikwambia hivyo hata kabla hujamuuliza. Alikuwa amekuja kumwangalia mkwe wake mpaka ajifungue, na moyo wake ulikuwa safi kabisa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wenyeji tulianza kuugua siku ya pili.

Jumapili mchana nilipofika, kuta zilikuwa wazi. Mama Mkwe alikuwa ameyavua mablanketi yote na kuyafua. Yalikuwa yanachuruzika maji kwenye kamba ya roshani.

"Yalikuwa na vumbi," akasema. "Mtoto mchanga na vumbi wapi na wapi?"

Tulitoa nguo kabatini tukazitundika badala yake: makoti, mapazia ya zamani, mpaka suti ya harusi ya Shemeji ikasimama ukutani imenyoosha mikono kama shahidi. Dada akasimama mbele ya piano, akainama, tukaanza wimbo wa nane.

Mara ya kwanza kifuniko cha sufuria kilianguka jikoni. Mara ya pili Mama Mkwe alifungua mlango akiwa na kikombe cha maziwa ya moto. Mara ya tatu kila kitu kilikwenda kama maji kwenye mfereji, tukafika ubeti wa mwisho, mstari wa mwisho, na mlango ukafunguliwa tena.

"Inatosha sasa!"

Mikono ikasimama. Hata Fundi Sauti akavua hedifoni.

"Mwanamke wa miezi tisa ameinama saa nzima juu ya kabati linalopiga kelele," Mama Mkwe akasema. "Mimi nimekuja kumpokea mjukuu wangu. Sikuja kumwokota sakafuni kwenye nyaya."

"Mama, nimebakiwa na mstari mmoja," Dada akasema.

"Mstari mmoja, mstari mmoja! Usinifundishe mimi habari za mistari."

Dada alifunika piano polepole, akaenda bafuni, akajifungia. Tukasikia maji yakifunguliwa na kuachwa yatiririke. Mama Mkwe akarudi jikoni. Shemeji akabaki katikati ya ukumbi, mlango wa bafu huku, mlango wa jiko kule, hajui agonge upi. Nikamhurumia. Mwanamume anaweza kufungua kompresa ya friji akiwa amefumba macho, lakini mke na mama ni mashine ambazo haziji na kitabu cha maelezo.

Mimi nikagonga bafuni. "Dada, ni mimi."

Akafungua kidogo. Macho yalikuwa mekundu.

"Usimlaumu," akasema kwa sauti ya chini. "Si yeye tu. Mgongo unawaka moto. Na mkono wa kushoto haufiki, nimekuwa nadanganya. Noti za chini nimeruka nusu nzima. Nilidhani hamtasikia."

"Nilisikia."

"Mbona hukusema?"

"Nani aseme? Una kiwiko na una tumbo, vyote vikinigonga nitakufa."

Akacheka huku analia, akanawa uso. Shemeji alimshika mama yake mkono, akamwambia twende sokoni tukatafute matunda, na kabla hawajarudi tukaumalizia ule mstari, besi yake ikabaki ya kuongezwa baadaye. Wimbo wa nane ukawa umeingia.

Jumatatu Dada alikwenda kliniki ya wajawazito. Mkunga akampima akasema mama salama, mtoto salama, na hata huo muziki hauna ubaya. Ila kuinama basi, na kusimama muda mrefu basi. Akae kwenye kiti chenye mto, aegemee, na atembee kidogo kila mara. Tulijaribu jioni ileile. Akikaa kwa kuegemea, ubavu wa kulia ukielekea piano, mkono wa kulia ulicheza bila taabu na sauti ilitoka vizuri tu. Mkono wa kushoto ulibaki nje ya mchezo kabisa.

Wanasema mkono mmoja haulei mwana. Sisi tuligundua kuwa haupigi piano pia. Alitakiwa mtu wa kukaa kushoto kwake na kupiga noti za chini.

Shemeji akajitolea kwanza. Vidole vyake vimezoea spana, na kila kimoja kilibonyeza noti mbili kwa mpigo. Nikaja mimi. Mapigo nayajua, lakini nilizibonyeza zile noti kama donge la unga, na miguu ya piano ilisogea sakafuni. Fundi Sauti, ambaye siku hizo alikuwa anapita kila jioni kwa wasiwasi, akasema hakuna haja ya kuteseka.

"Atapiga noti moja moja tu, kompyuta itazipanga. Hakuna atakayejua."

Dada akatikisa kichwa. "Itasikika kama meno ninayotengeneza. Mazuri, yamejipanga, lakini hayana mwenyewe."

Mara sauti ikatoka jikoni.

"Ya nne."

"Unasemaje, Mama?" Shemeji akauliza.

"Kila mkifika noti ya nne mnaharibu. Moja, mbili, tatu mko sawa, ya nne mnachelewa. Wewe unachelewa, na huyu mwoka mikate naye anachelewa. Nimevumilia, lakini sasa inaniwasha." Akatokea mlangoni akipangusa mikono kwa taulo. "Hiyo kazi ya mkono wa kushoto ni noti ngapi?"

"Nane, Mama," Dada akasema. "Zinazunguka. Halafu zinahama mahali, zinazunguka tena."

"Zinahama mara ngapi?"

"Mara nne kila ubeti."

Mama Mkwe akapiga hesabu kimoyomoyo. "Ni chache kuliko za taipureta. Niandikieni herufi."

Tukatazamana. Mimi nilikimbilia sanduku la dawa, nikaleta plasta. Dada akaandika herufi kwenye vipande vidogo, Shemeji akavibandika kwenye noti za chini, na piano ikaonekana kama imetoka vitani. Kisha Dada akaandika mpangilio wote kwenye karatasi, mstari kwa mstari. Mama Mkwe alikataa kiti tulichompa, akaleta chake kutoka meza ya chakula. Akanyoosha mgongo. Akavua pete. Akaweka vidole mahali pake, na macho yakabaki kwenye karatasi. Hakuyashusha kutazama mikono hata mara moja.

"Soma taratibu," akaamuru.

Dada akahesabu. Mama Mkwe akaenda noti nane, nyingine nane, akakosea moja. "Futa," akasema, akaanza upya. Hakuwa na haraka wala hakuwa na aibu. Alikosea, akafuta, akarudia. Ilipofika saa mbili kasoro, noti zile za chini zilikuwa zinatembea sawasawa kama cherehani ya fundi mzoefu, na kwenye ya nne hakuna kilichochelewa.

Tatizo likawa moja. Kila alipomaliza mstari, mkono wake wa kushoto uliruka wenyewe kutafuta kile kijiti cha kurudisha karatasi kwenye taipureta, ukagonga ubavu wa piano: pa! Mara ya kwanza uliangusha glasi ya maji. Glasi tukaiondoa. Mkono hatukuweza kuuondoa. Ulikuwa na miaka thelathini na moja ya utumishi.

"Samahani," akasema. "Unakwenda wenyewe."

Fundi Sauti aliinua kidole, amefumba macho, hedifoni masikioni. "Mwacheni. Mwacheni hivyohivyo. Hiyo pa inaangukia mahali pake."

Tulifanya mazoezi kila jioni wiki ile, tukitoka kazini. Jumatano nilikuwa nimekaa nyuma ya dramu nafunga utepe kwenye fimbo zangu, na wao wawili walikuwa wamepumzika mbele ya piano, bega kwa bega. Nadhani walinisahau.

"Mama," Dada akamuuliza, "si ulisema ni kelele?"

"Ni kelele. Lakini ina mpangilio."

Mama Mkwe akaendelea, safari hii bila ile sauti yake ya mahakamani. "Nilipokuwa na mimba ya mumeo, kulikuwa na kesi moja ndefu. Miezi saba nasikiliza mashahidi na kupiga kila neno. Nilimjua kila mtu kwenye ile kesi kuliko ndugu zangu. Mwisho tumbo lilikuwa linagusa mashine, kama lako hili. Mkuu wangu akaniona nimeegemea meza, akasema, inatosha, nenda nyumbani. Zilibaki kurasa mbili. Hukumu yenyewe. Akapewa msichana mwingine, na aliipiga vizuri tu, sikatai." Akazungusha pete yake iliyokuwa juu ya piano. "Lakini mimi sikuachiwa nimalize. Sasa Jumapili nilipofungua mlango huu nikasema inatosha, nilisikia sauti ya yule mzee ikitoka kinywani mwangu. Sikuipenda."

Dada akasema, "Tumebakiwa na nyimbo mbili, Mama."

"Kurasa mbili. Najua kuhesabu. Haya, tuanze."

Jumamosi tukarekodi wa tisa. Mablanketi yalikuwa yamerudi ukutani, safi na yananukia sabuni, na Mama Mkwe ndiye aliyeyatundika, pembe kwa pembe. Fundi Sauti alihangaika kupitisha maikrofoni kati ya viti viwili, wanawake wawili na tumbo moja.

"Hapa haipiti hata sindano," akalalamika.

"Nafasi ipo," Shemeji akasema. "Kuna mtu mmoja zaidi anakuja, naye atakaa hapohapo."

Dada akageuka. "Umesemaje? Nafasi ya mtu mmoja zaidi?" Akanitazama, nami nikamtazama. Tulikuwa tumegombania jina la albamu kwa miezi minne, tukafika hatua ya kununiana, na kumbe lilikuwa linasubiri mtu akwame na maikrofoni. Likaandikwa palepale: *Nafasi ya Mtu Mmoja Zaidi*.

Tulipiga mara mbili, na ya pili tulidhani imekwisha. Mama Mkwe akaomba kusikiliza. Akavaa hedifoni juu ya kilemba, akakunja uso.

"Kuna kosa ubeti wa pili."

"Halisikiki, Mama Mkwe," akasema Fundi Sauti, ambaye hakuwa na undugu naye wowote lakini alikuwa amezoea kumwita hivyo kama sisi.

"Mimi nimelisikia. Rudia."

Tukarudia.

Jumapili nilifika saa nane kasoro dakika chache. Dada mwenyewe ndiye aliyenifungulia mlango. Alikuwa ameshika fremu kwa mikono miwili na anatabasamu tabasamu la ajabu.

"Imeanza?" nikauliza.

"Tangu saa nne."

Ndani, Mama Mkwe alikuwa ameketi mezani na saa ya mkononi mbele yake, na karatasi yenye safu mbili za namba zilizonyooka kama zimepigwa mashine. Alikuwa anaandika kila uchungu ulipoanza na ulipoishia. Mkunga alikuwa ameshapigiwa simu mara mbili. Alisema ni mtoto wa kwanza, wasiharakishe, waje uchungu utakapofikia kila dakika tano. Wakati ule ulikuwa unakuja kila baada ya dakika kumi na mbili.

"Wimbo una urefu gani?" Mama Mkwe akamuuliza Fundi Sauti.

"Dakika nne na nusu."

"Basi kaeni mahali penu. Mnashangaa nini?"

"Mama!" Shemeji alikuwa amevaa kiatu kimoja. "Twende hospitali!"

"Gari liko chini na dereva yumo. Begi liko mlangoni. Mkunga ana habari zetu. Mkeo amesema anataka kumaliza, nimemuuliza mara tatu. Wewe shika gitaa lako."

Shemeji akamtazama Dada. Dada akaitikia kwa kichwa. "Ukinipeleka sasa hivi, nitakwenda kukaa kule nikihesabu mbao za dari. Afadhali nihesabu hapa."

Tulisubiri uchungu mmoja upite. Mama Mkwe akasema, "Sasa," tukaanza. Mara ya kwanza iliharibika mapema: besi ya Shemeji ikaingia kwenye wimbo mwingine kabisa, wa albamu ya kwanza. Hata Dada alicheka mpaka akashika mbavu. Akatembea kidogo chumbani, akaegemea bega la mumewe, uchungu mwingine ukaja ukapita. Mama Mkwe akaandika namba zake, akarudi kwenye kiti, akaweka vidole.

"Sasa."

Wimbo ule wa kumi ndio mtulivu kuliko zote. Unaanza na noti zile nane za chini peke yake, kisha mkono wa kulia unaingia kwa mbali, kisha sauti. Dada anaimba na kupiga kwa wakati mmoja, hataki kutenganisha. Aliimba ubeti wa kwanza vizuri, wa pili vizuri zaidi. Nilikuwa napiga kwa brashi, polepole, nikitazama mgongo wake. Tulipokaribia mstari wa mwisho nikaona mabega yanapanda. Uchungu ulikuwa umewahi.

Sauti yake ikakatika. Mkono wa kulia ukaondoka kwenye noti, ukashika ukingo wa piano. Fundi Sauti aliinua mkono, nadhani alitaka kusimamisha. Lakini Mama Mkwe hakusimama. Alimtupia mkwe wake jicho moja, na noti nane zikazunguka. Zikazunguka tena. Pa! Zikazunguka tena, laini kuliko mwanzo, bila haraka. Mkono wa kushoto ulikuwa unamsubiri. Nikaelewa, nikamfuata kwa brashi. Shemeji naye akatulia kwenye noti moja ndefu. Tulisikia pumzi ya Dada ikitoka, ndefu, ikaingia, ikatoka. Sijui ni mizunguko mingapi. Kwangu ilikuwa kama nusu saa; Fundi Sauti aliniambia baadaye ni sekunde hamsini na mbili.

Kisha mabega yakashuka. Dada akapandisha mkono wa kulia, akapata noti yake, akauimba mstari wa mwisho mpaka mwisho.

Hakuna aliyepumua mpaka Fundi Sauti alipobonyeza kitufe.

"Tumepata," akasema, na sauti ilimtoka nyembamba kama ya ndege.

"Kuna kosa?" Dada akauliza.

Mama Mkwe alikuwa anavaa pete yake. "Hakuna kosa," akasema. "Vaa viatu."

Tulimshusha ghorofa tatu tukipumzika kila kona, kama wale wabeba piano. Shemeji mbele, Mama Mkwe pembeni na karatasi yake, mimi nyuma. Fundi Sauti alibeba begi la mtoto, na hedifoni ilikuwa bado shingoni, waya unaburutika ngazi hadi ngazi. Dereva alipomwona akauliza kama huyo ndiye daktari.

Mtoto alizaliwa saa kumi na moja na robo jioni. Msichana, mzito, mwenye sauti iliyosikika korido nzima. Mkunga alisema huyu ana mapafu. Mama Mkwe akasikiliza kidogo, akasema, "Ameanza juu mno. Atashuka."

Fundi Sauti aliondoka Jumatatu kama alivyopanga. Alichanganya nyimbo zetu ndani ya chumba chake kidogo cha melini, akatutumia mmoja mmoja kila meli ilipofika mahali penye mtandao. Wakati mwingine tulisubiri wiki mbili, halafu simu inalia saa ya kukanda unga na wimbo umefika. Alitaka kuukata ule ukimya wa Dada kwenye wimbo wa kumi, sekunde hamsini na mbili ni nyingi, akasema. Tukapiga kura. Yeye alishindwa kwa kura nne, maana tulimhesabu na Mama Mkwe, na Mama Mkwe hakushangaa kuhesabiwa.

Albamu ilitoka mtoto akiwa na miezi minne. Tuliipandisha mtandaoni wenyewe, na tukachapisha nakala chache zenye jalada kwa wanaopenda kushika kitu mkononi. Maneno ya nyimbo yaliyomo ndani ya jalada aliyapiga Mama Mkwe, na aliwarudisha watu wa kiwanda cha uchapaji mara mbili kwa ajili ya koma moja.

Tuliizindua Jumamosi mchana kwenye bwalo la chuo cha ufundi, ambako kuna piano. Nilitarajia watu thelathini. Walikuja zaidi ya mia mbili: wateja wangu wa mikate, watu ambao friji zao zinagandisha kwa sababu ya Shemeji, na safu nzima ya wazee waliokuwa wanatabasamu kwa upana usio wa kawaida. Dada alininong'oneza kuwa ile safu yote ni kazi yake. Mtangazaji mmoja wa redio aliyekuwepo alisema kipande cha katikati cha wimbo wa kumi ni ujasiri wa kisanaa, kwamba mwimbaji ananyamaza ili muziki utafakari. Tulimshukuru. Hatukumwambia kitu.

Mama Mkwe alipanda jukwaani kwa nyimbo mbili za mwisho, miwani puani, karatasi mbele yake ingawa hakuihitaji. Noti nane zikazunguka, zile pa zikaangukia mahali pake, na kwenye pa ya tatu bwalo zima lilikuwa linapiga makofi pamoja nayo. Wimbo wa tisa ulipokwisha watu wakasimama. Mama Mkwe akaniegemea.

"Wanakwenda wapi?"

"Wamesimama kwa ajili yako, Mama."

Akawatazama juu ya miwani. "Waambie wakae. Kuna wimbo mwingine."

Wiki iliyofuata tulipigiwa simu kutoka mji wa pili. Walikuwa wameisikia albamu redioni na walitutaka tukapige kwao mwisho wa mwezi. Shemeji alifurahi, halafu akaanza kupanga: mama yake atabaki na mtoto, sisi tutakwenda na kurudi siku hiyohiyo, Dada atapiga mikono yote miwili maana sasa tumbo halipo.

"Nani kakwambia nabaki?" Mama Mkwe akauliza. Alikuwa amempakata mjukuu wake, anamgongagonga mgongoni taratibu. "Mtoto tunakwenda naye. Na mimi kiti changu kipakieni, vya watu sivijui."

Dada akasema mkono wa kushoto ni wake kama anautaka. Mama Mkwe akajibu kwamba suala hilo halihitaji kikao.

Tukaenda na gari la kusambazia mikate, maana ndilo lililokuwa na nafasi. Tuliondoka asubuhi na mapema, gari bado lina joto la matanuri, na tulikuwa hatujafika hata njia kuu wakati Dada na Mama Mkwe walipoanza kubishana kuhusu mwendo wa wimbo wa tatu. Mmoja alisema unakwenda mbio, mwingine akasema unaburuta miguu. Walibishana njia nzima, wakipigapiga vidole kwenye magoti yao kuthibitisha, na mtoto akalala fofofo katikati yao mpaka tulipofika.